Aliyelipwa kwa Karatasi

Sijapata kuona mtu mzima mwoga kama yule. Aliogopa radi, na mtu anayeogopa radi akaja kuishi Kisumu amejitafutia taabu mwenyewe, maana mvua zetu za jioni haziji kimya. Aliogopa mbwa, hata wale waliokonda wasioweza kubweka vizuri. Aliogopa swichi ya umeme, akawa anawasha taa kwa kijiti cha ufagio. Aliogopa ziwa. Alikaa miaka yote hiyo karibu na maji na hakuwahi kutia mguu katika boti, akakosa hata harusi ya binamu yake kwa sababu ilikuwa ng'ambo. Mkewe, aliyeuza omena, dagaa wa ziwani, soko la Kibuye na hakuogopa kitu chini ya jua, alikuwa akisema mbele ya wageni, "Huyu mwanaume angekuwa samaki angeogopa maji." Naye angetabasamu kidogo, kisha angegeuka kutazama kama mlango umefungwa.

Huyo ndiye aliyetutolea dawa mtaa mzima.

Sisi wa Kaloleni tulimwita Mzee wa Dirisha, ingawa nilipomjua mara ya kwanza uzee ulikuwa bado mbali naye. Baada ya Uhuru matibabu yalikuwa bure, na kliniki ya baraza la mji iliyokuwa jirani yetu ilikuwa na daktari na muuguzi, lakini haikuwa na chumba cha dawa. Kwa hiyo baraza lilipatana naye. Daktari angekuandikia karatasi, nawe ungevuka barabara nayo hadi kwenye chumba chake, ukaipitisha chini ya wavu wa dirisha. Dawa zilitoka stoo ya baraza, hazikuwa mali yake, na wewe hukumlipa chochote. Alicholipwa na baraza kilikuwa cha mikono yake na macho yake. Hapo mwanzo kililetwa kila mwisho wa mwezi, kiasi kilekile, awe amehudumia watu wengi au wachache.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mume wangu, Baba Atieno, aliendesha kreni bandarini. Na Baba Atieno alikuwa na kifafa.

Leo nalisema neno hilo bila kuinamisha kichwa. Wakati ule sikulitamka hata nyumbani. Watu waliamini kwamba povu la mgonjwa likikugusa na wewe umeupata, na msimamizi wa bandari angejua tu, siku hiyohiyo mume wangu angeshushwa kutoka kwenye kreni na kuonyeshwa geti. Lakini hofu yangu kubwa haikuwa kazi. Ilikuwa ule urefu. Kila asubuhi alipovaa kofia yake nilimwona akiwa kule juu peke yake, mikono kwenye vyuma, na chini yake sakafu ya saruji. Nilifundisha hesabu huku nikisikiliza mlango. Ikipigwa hodi darasani, chaki ilinianguka.

Kati yetu na balaa hilo kulikuwa na vidonge vidogo vyeupe tu. Akivimeza kila siku bila kuruka, Baba Atieno alikuwa mtu kama watu wengine, tena mcheshi. Vidonge hivyo vilitoka dirishani.

Kwenda kwenye dirisha lile kulihitaji moyo wa subira, nami sikuumbwa nao. Siku hizo watu walikuja na chupa zao wenyewe za dawa ya maji: chupa za soda, za bia, za mafuta ya kupaka, zimezibwa kwa gunzi la mahindi. Mzee alizichukua mojamoja akazinusa, macho ameyafumba. Akisikia harufu ya mafuta ya taa, hata kwa mbali, angeirudisha chini ya wavu. Mwenye chupa angeapa kwamba ameiosha kwa majivu na maji moto. "Basi kunywa wewe maji kutoka hiyo chupa, mimi nione," Mzee angesema. Nilimwona mama mmoja akijaribu kweli, kwa hasira, akatema.

Kisha kulikuwa na maswali. Hakukubali uondoke mpaka umemwambia, kwa maneno yako mwenyewe, utakachofanya na dawa ile ukifika nyumbani. Alikuuliza kwa Kiswahili, ukikosea anarudia kwa Dholuo, ukikosea tena anakusogeza kando umsikilize anayefuata, kama mtoto aliyeshindwa darasani. Diwani mmoja, mtu mwenye tumbo na gari, aliwahi kukataa kujibu.

"Wewe unajua mimi ni nani?"

"Najua, Mheshimiwa," Mzee alimjibu, sauti inatetemeka kabisa. "Lakini ini yako haijui. Niambie hii utakunywa mara ngapi."

Diwani alisema. Sisi wa kwenye foleni tuliangalia chini ili asituone tukicheka.

Hapo ndipo palinichanganya kila mara. Mtu anayekimbia mbwa, tena amejifungia ndani kwa kufuli kwa kuogopa wezi wa dawa, alimsimamisha diwani. Nilipomfahamu zaidi nilielewa kwamba haukuwa ujasiri. Alikuwa na hofu moja iliyozimeza nyingine zote: kwamba siku moja mkono wake ungempa mtu kitu cha kumuua. Kuna siku alimpa binti mmoja dawa ya macho, binti akaondoka, naye akaingiwa na shaka. Alifungua kufuli, akatoka na koti lake jeupe, akamfuata mbio kupitia sokoni Kibuye akimwita kwa sauti. Wauza nyanya wakadhani binti ni mwizi, wakamkamata. Mzee alifika akihema, akaichukua chupa, akaisoma, akainusa.

"Iko sawa," akasema. "Enda tu, nyathina, mtoto wangu."

Binti alilia hadi nyumbani kwa aibu. Mzee alirudi akitembea polepole, na wale waliokuwa kwenye foleni walikuwa wamekata tamaa wakaenda zao.

Pia alijua kunyamaza. Aliyajua maradhi ya kila nyumba, mengine ya kutia aibu kuliko yetu, na hakuna hata moja lililopita nje ya wavu. Kwake kila dawa iliitwa "ile yako". Hakuwahi kuuliza habari za kazi wala za nyumbani watu wakiwa wamesimama nyuma yako, na watu walikuwa wamesimama nyuma yako siku zote. Alihesabu vidonge vya Baba Atieno vya mwezi mzima, akavihesabu tena, akavifunga. Mimi nilivichukua Jumamosi, maana karatasi ya mwezi ilikubaliwa hata ikiletwa na mke. Nilikwenda nyumbani nikalala usingizi.

Halafu baraza likabadilisha malipo.

Sikumbuki nani alilifikiria, na sina haja ya kumtafuta. Walisema fedha za mwezi zinawafanya wenye madirisha kama lile kulala. Kuanzia sasa wangelipwa kwa karatasi: kila karatasi ya daktari iliyotolewa dawa ina malipo yake, na malipo ni yaleyale, iwe ya vidonge vya siku mbili au vya mwezi, umetumia dakika moja au umemfundisha mtu mpaka akaelewa. Ukiikataa karatasi kwa sababu umeitilia shaka, hupati kitu. Ukiwahudumia wengi, unakula. Ukiwahudumia wachache, shauri yako.

Madirisha mengine ya mjini yalizoea upesi. Chupa hazikunuswa tena. Watu walisifu kwamba foleni zinakwenda.

Mzee wa Dirisha alijaribu kuharakisha. Nilimwona, na ilikuwa kama kumtazama mtu akijaribu kuandika kwa mkono ambao si wake. Alimpa mtu dawa bila kumuuliza, akamtazama akienda, jasho likamtoka, akamwita arudi. Mikono ilikataa. Mkewe aliniambia sokoni, huku akinipimia omena, kwamba mtaji wake umeanza kuliwa, mtoto mmoja yuko nyumbani kwa kukosa karo, na Mzee hali chakula usiku, anahesabu vidole.

"Mwambie wewe, Mwalimu. Wewe ni mtu amesoma. Mwambie awache kunusa machupa ya watu."

Sikumwambia. Mimi nilitaka anuse.

Kwa kuwa hakuweza kukimbia, ilimbakia njia moja tu ambayo wenzake walikuwa wamekwisha kuigundua. Karatasi ya mwezi inalipa mara moja. Ukimpa mgonjwa vidonge vya wiki, ukamwambia vingine vimekwisha, arudi na karatasi nyingine, mgonjwa mmoja anakuwa karatasi za mwezi mzima. Nilikwenda Jumamosi moja kama kawaida, akanipitishia kifurushi chepesi.

"Hii ni ya wiki moja," alisema. "Stoo haina. Atarudi na karatasi ingine."

"Stoo haina, ama wewe ndio hauna?"

Hakuniangalia. Aliuvuta mkono wake ndani ya wavu haraka, kama umeungua.

Kwa mtu asiye na kazi ya zamu hilo lilikuwa usumbufu tu. Kwetu lilikuwa kitanzi. Kupata karatasi mpya kulimtaka mgonjwa mwenyewe aonekane na daktari, na kliniki ilifunguliwa siku za kazi. Mtu wa kreni akiomba ruhusa kila wiki ya kwenda kliniki, wiki ya pili ataulizwa anaumwa nini. Baba Atieno alikwenda mara moja akasema ana jino. Mara nyingine akasema ana msiba. Nilimwona anapungukiwa na uongo, na mimi ninapungukiwa na pumzi. Usiku nilimgusa kifua nisikie kama kinakwenda vizuri.

Yeye alinituliza. "Dawa iko. Usisumbuke."

Dawa ilikuwepo kweli, nami nikashangaa inavyodumu. Sikujua kwamba alikuwa anavikata vile vidonge kwa wembe, chooni, anameza nusu na kuweka nusu. Ni akili ya mtu aliyekulia kwenye nyumba ya unga wa kupimwa: kitu kikipungua, unakula kidogo kidogo ili kisiishe. Unga unakubali kufanyiwa hivyo. Dawa ile haikukubali.

Alianguka mbele ya dirisha.

Shule zilikuwa zimefungwa, nami nilikuwa nimemsindikiza. Tulikuwa kwenye foleni, karatasi mkononi mwake, akinisimulia habari ya nahodha fulani mlevi. Katikati ya neno sauti ilikatika. Alitoa ukelele usiokuwa wake, akaenda chini mzima kama mlango uliong'olewa, na mwili ukaanza. Foleni ilipasuka. Watu walikimbia pande zote, mama mmoja akaziba uso wa mwanawe, mwingine akapiga kelele, "Msimguse, yawa! Msimguse!" Na pale ukutani niliona, kwa macho yangu, kijana mmoja mpakiaji wa bandarini, anayetujua, amesimama anatazama.

Nilipiga magoti lakini mikono yangu haikujua pa kuanzia. Nilisikia kufuli. Mzee alikuwa anajaribu kufungua mlango wake kutoka ndani, na funguo zilikuwa zinalia kwa jinsi alivyotetemeka, zikaanguka, akaziokota, zikaanguka tena. Kisha akatoka. Alikuwa amepauka midomo. Alipiga magoti vumbini, akavua koti lake jeupe akaliweka chini ya kichwa cha mume wangu, akamgeuza ubavu, akamfuta povu kwa kiganja chake, mbele ya watu wote. Mtu mmoja alileta kijiko akitaka kukitia mdomoni. Mzee alikipiga kikaruka.

Halafu akainua kichwa, na yule ambaye hakuwahi kutaja ugonjwa wa mtu akapaza sauti mpaka kliniki ya ng'ambo wakasikia:

"Nyinyi mnakimbia nini? Ni malaria hii! Malaria imepanda kwa kichwa! Mimi ndio nampatia dawa yake, mimi najua!" Akamnyooshea kidole mpakiaji. "Wewe, omera, kuja unisaidie kubeba. Malaria inashika kwa mkono?"

Kijana akaja. Walimwingiza ndani wakamlaza kwenye benchi. Bandarini ilifika habari ya malaria, na msimamizi akampa Baba Atieno siku za kupumzika.

Lakini hayo niliyajua baadaye. Mle ndani, mpakiaji alipokwisha kuondoka na mume wangu akawa amelala akikoroma, sikumwambia Mzee asante. Baba Atieno alipozinduka kidogo alinitajia wembe, nami nikapandwa na hasira ya watu wote niliokuwa nimewaogopa kwa miaka. Nilimwambia Mzee kwamba aliuza wiki za mume wangu. Alinieleza kwa sauti ndogo habari ya karatasi, ya karo, ya mkewe. Nilimkata.

"Huyu anakaa juu ya kreni," nilisema. "Ulikuwa hujui? Sasa ujue. Siku akianguka kutoka kule, damu yake iko kwa mikono yako."

Alikwenda kwenye rafu, akahesabu vidonge vya mwezi mzima, akavihesabu tena, na tena. Karatasi yetu ilikuwa imebaki nje barabarani, imekanyagwa. Hakuiulizia.

Tangu siku hiyo nilipewa mwezi mzima, kila mwezi, na si mimi peke yangu. Wagonjwa wa kifua, wa sukari, wote wa magonjwa marefu walirudishiwa miezi yao. Mkewe alinisimamisha sokoni. "Mzee wangu ametufunga njaa, Mwalimu. Nani amemwambia maneno?" Nilinunua omena nyingi kuliko nilizohitaji, nikaenda zangu. Dirishani hatukuzungumza tena. Nilipitisha karatasi, akapitisha kifurushi, akasema "ile yako", nikamshukuru, "ero kamano". Nyuma yangu kulikuwa na watu. Nadhani na hasira ilikuwepo bado, na kwa mtu aliyeiona hofu yako mchana mbele ya umati, ni vigumu kurudi kuwa jirani wa kawaida.

Baadaye wakahama Kaloleni, ghafla. Dirisha likapewa mwingine. Nilisikia baraza lilimwona hafai kwa sababu karatasi zake ni chache. Wengine walisema aliondoka mwenyewe. Baba Atieno akaanza kuandikiwa dawa yake hospitali kubwa, na miaka ikapita.

Nilimkuta Mzee mtaa wa Migosi, wakati nyumba za kupanga zilipokuwa zinaanza kujaa kule na mimi nimehamishiwa shule ya karibu. Alikuwa amekaa nje kwenye kiti, kuku wachache wanachakura miguuni pake, mwembamba, mvi tupu. Nilimsalimu. Alinitambua kwa sauti, akasimama haraka mno kwa umri wake, akanishika mkono kwa mikono yote miwili, na nikaona rangi inamtoka usoni.

"Mwalimu," alisema. "Umekuja kuniambia?"

"Kukuambia nini, Mzee?"

"Baba Atieno."

"Yuko. Yuko nyumbani, mzima, amenenepa."

Aliketi. Mkewe alitoka na chai, akanikumbatia, akaniuliza watoto, akarudi ndani. Ndipo Mzee akanieleza, akitazama kuku, kwa nini walihama. Pale Kaloleni king'ora cha bandari kilisikika vizuri. Cha asubuhi na cha jioni hakikumsumbua, ni vya zamu. Lakini kikilia wakati usiokuwa wake, maana yake mtu ameumia. Kila kilipolia hivyo alifunga dirisha, karatasi ziko ndani, watu wako kwenye foleni, akaenda kwa miguu mpaka geti la bandari. Alisimama pale karibu na maji yale anayoyaogopa, hakumuuliza askari kitu, asije akataja jina la mtu na ugonjwa wake. Alingoja mpaka watu watoke, amwone Baba Atieno akipita na kofia yake. Siku nyingine mume wangu alitokea geti la upande wa pili, naye akarudi bila kumwona, akakaa na usiku huo mpaka asubuhi.

"Hapa Migosi siwezi kuisikia," alisema. "Lakini ndio mbaya zaidi. Hapa sijui imelia ama haijalia. Kila siku naona kama imelia. Bado anapanda ile kreni, Mwalimu, na huo mwili?"

Niliweka kikombe chini.

"Mzee," nikamwambia, "hapandi. Aliomba kushushwa, akasema ni mgongo. Wakampeleka stoo, kuandika magunia. Yuko chini, kwa kiti."

"Tangu lini?"

"Tangu alipoanguka pale kwako. Hata mwezi haukuisha."

Alinitazama. Midomo yake ilianza kuhesabu kitu, ikaacha.

"Na ulikuwa unakuja kwa dirisha," alisema polepole. "Kila mwezi ulikuwa unakuja."

"Nilikuwa nakuja."

"Si ungeniambia, Mwalimu."

Alisema bila hasira hata kidogo, kama mtu anayeomba maji, na hapo ndipo mimi nilipojiogopa.